Siku moja maishani mwangu: testa wa Kampala, na testi 46 zote kijani

Saa 11:30 alfajiri. Kireka bado giza, chai iko jikoni, mimi nachungulia simu. Grupu letu la matesta, sisi tunaopima programu kabla hazijawafikia watu, limelala na jumbe kama 80 na zote zinaihusu Playwright, zana ya kuendesha testi za programu zenyewe. Microsoft waliitoa 2020, na Oktoba 2025 wakaiongezea maejenti watatu wa AI, mmoja anapanga testi, wa pili anaziandika, wa tatu anaziponya zikivunjika. Mtu mmoja kauliza, "sasa sisi tunabaki na nini?" na hakuna aliyemjibu, watu wametuma emoji tu.

Saa 1:20. Taksi imesimama Banda, jam ya Jinja Road kama kawaida. Nashuka Ntinda, nachukua rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, mayai mawili, napanda juu.

Saa 3. Kikao cha asubuhi. Tunajenga programu ya vikundi vya akiba, wanachama waweke na kutoa hela kwa simu. Developa wetu ni kijana wa Eldoret, tunaongea naye Kiswahili siku nzima, akaniambia, "Dada, leo kazi yako nyepesi, AI imeandika msimbo wa makato na testi zake pia, 46, zote kijani."

Kijani maana yake testi imepita, nikafurahi kweli. Halafu nikakaa nikaanza kuzisoma moja moja.

Saa 4 hadi saa 7 hivi. Hapa ndipo siku yangu ilipokaa. Testi ya 12 inasema mwanachama akipokea 50,000 akatwe kodi 500. Nikarudia kusoma, maana kila mtu aliyekuwa na simu Uganda 2018 anaikumbuka ile kodi ya pesa za simu, ilianza Julai, asilimia 1, ukipokea unakatwa, ukitoa unakatwa, watu wakalalamika mpaka sheria ikarekebishwa mwaka huohuo, ikabaki asilimia 0.5 na ni kwenye kutoa tu. Nadhani AI ilimeza zile habari za mwanzo maana ndizo zilizojaa mtandaoni, ikaandika msimbo kwa asilimia 1, kisha ikaambiwa iandike testi, ikauangalia msimbo wake yenyewe ikasema sawa, asilimia 1. Kwa nini zisiwe kijani? Ni kama mwanafunzi asahihishe mtihani wake kwa majibu aliyoyaandika mwenyewe.

Nikatoa simu yangu nikatafuta meseji ya Jumamosi nilipotoa 200,000 kwa wakala. Ada iko peke yake, kodi peke yake: 1,000. Programu yetu ingemkata mtu 2,000. Nikaiweka simu mezani mbele ya kijana wa Eldoret, akaangalia skrini yake, akaangalia simu, akasema pole pole, "Hii ingeenda kwa watu." Ndiyo, na wenye vikundi hivi ni kina mama wa sokoni wanaohesabu mpaka shilingi 100, wangekatwa kila wiki wakidhani ni serikali.

Simlaumu kijana wetu, na AI yenyewe siilaumu, huwa naitumia kila siku kunitengenezea data, majina, namba za kitambulisho zenye herufi na tarakimu 14 kama NIN zetu, kazi ambayo zamani ilinilia siku nzima. Ila jibu sahihi lazima litoke nje ya msimbo: kwenye sheria, kwa wakala, kwa mtu anayelipa.

Saa 7:30. Matoke na mchuzi wa karanga, haraka haraka.

Saa 9. Testa mdogo wa timu yetu, binti mwenye miezi minne kazini, ananiita, "Dada, yule ejenti mponyaji amemaliza, hakuna nyekundu." Kweli hakuna, lakini kuna tatu zimerukwa. Nikamwonyesha kwamba yule ejenti akiona programu yenyewe ndiyo mbovu huiruka testi, haipitishi, kwa hiyo ile ya kurukwa ndiyo ya kufungua kwanza. Tukafungua. Mbili si kitu, ya tatu kitufe cha kuthibitisha kimefichwa na kibodi kwenye simu ndogo, huwezi kukibonyeza kabisa. Ameiandika ripoti mwenyewe, na imeandikwa vizuri kuliko zangu za mwaka wa kwanza. Nina wasiwasi na kampuni zinazosema haziajiri tena wanaoanza, kwa sababu anayeanza jicho hili atalipata wapi kama hakuna wa kukaa naye?

Saa 12:30 jioni. Matesta kama 15 tumekutana Kamwokya. Tumebishana sana juu ya ile tofauti wanayoisisitiza James Bach na Michael Bolton, wataalamu wa kupima programu, kwamba kuhakiki kitu kilichokwisha kujulikana ni jambo moja na kupima ni jambo lingine, mashine inahakiki, kupima kunataka mtu anayejiuliza. Nikawasimulia ya zile 500, na yule aliyeuliza swali alfajiri alikuwepo, akaniomba nimwonyeshe testi ya 12.

Saa 3:40 usiku. Nimemtumia mama 50,000 Bombo. Akapiga, "Zimeingia zote mwanangu, 50,000 kamili." Nikafungua laptopu, nikafuta testi ya 12, nikaandika yangu: pokea 50,000, kodi 0.