Mama Hakujua, Mimi Najua

Moshi, Jumapili jioni, Julai

Fomu ya kliniki ya uzazi imekaa juu ya meza ya chakula tangu Jumatano, chini ya chupa ya chai, na sasa ina duara la maji pembeni ambalo nimeshindwa kulifuta. Kurasa nne za mwanzo tulizijaza mimi na mume wangu kwa muda usiozidi nusu saa: majina, umri, makundi ya damu, dini, maradhi ya ukoo. Ukurasa wa tano ndio uliotukwamisha. Umeorodhesha magonjwa ya kurithi, na mbele ya kila ugonjwa kuna visanduku vitatu: tunapokea, hatupokei, tuzungumze kwanza. Mstari wa selimundu, yaani sikoseli, bado ni mweupe.

Nilikoma hedhi nikiwa na miaka 36. Mume wangu aliugua matumbwitumbwi akiwa kijana kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na vipimo vilivyorudiwa mara tatu havikuona mbegu hata moja. Ameniruhusu niliandike hili mradi nisitaje jina lake. Kwa hiyo ule upandikizaji unaojulikana na wengi, ambamo yai la mke na mbegu ya mume hukutanishwa maabara, haukutufaa kitu. Katika kliniki tunayokwenda Nairobi tulielezwa njia nyingine, yaani kupokea viinitete, mayai yaliyokwisha kurutubishwa maabara, ambavyo wanandoa wengine walivigandisha, wakapata watoto waliowataka, vikabaki. Wao wanaiita kuasili viinitete.

Neno hilo nililitafuna njia nzima, kutoka Namanga hadi Arusha na kutoka Arusha hadi nyumbani. Katika Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, anayeasiliwa ni mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Hata Marekani, ambako mpango wa kwanza wenye jina hilo ulianzishwa California mwaka 1997, katika majimbo mengi viinitete huhama kutoka mikono ya hawa kwenda ya wale kwa mkataba tu, si kwa amri ya mahakama ya kuasili. Kinachonisumbua, hata hivyo, ni lugha zaidi ya sheria. Ndani ya kuasili mna asili, na katika jambo letu mimba ingekuwa yangu, uchungu wa kuzaa ungekuwa wangu, maziwa yangekuwa yangu, ila hiyo asili ndiyo peke yake ingebaki kwa watu nisiowajua.

Tulivyopewa ni vitatu. Viligandishwa mwaka 2017 vikiwa na umri wa siku tano, na tangu hapo vimekaa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hofu ya kwamba vimekaa mno nilikwisha kuitupa, kwa sababu Oktoba 2022 walizaliwa mapacha Marekani kutokana na viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992, yaani vilisubiri miaka inayokaribia umri wa mwalimu mwenzangu wa fizikia. Nilionyeshwa picha yake kimoja. Kilifanana na jicho la mafuta linaloelea juu ya mtori, duara ndani ya duara, na kwa upande mmoja kivimbe kidogo ambacho daktari alikigusa kwa ncha ya kalamu akasema, hapa ndipo mtoto.

Wenye viinitete hivyo wana watoto wawili waliotokana na kundi hilohilo. Wa pili ana selimundu. Walipompima yeye ndipo walipopimwa wenyewe, wakajikuta wote wawili ni wabebaji wa kinasaba chake, AS na AS, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja cha kawaida, A, na kimoja cha selimundu, S, bila mmoja wao kuwahi kuugua. Vitatu vilivyobaki havijapimwa. Hawataki vitupwe, na sharti lao ni moja, kwamba yeyote atakayevipokea aambiwe kila kitu kabla ya kusaini. Sijamwona mwanamke huyo, na huenda nisimwone, lakini namheshimu kwa sharti hilo kuliko ninavyowaheshimu watu wengi ninaosali nao.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila mwaka nawafundisha kidato cha nne uwezekano kwa kurusha shilingi, na kwa hiyo hesabu yenyewe haikunichukua dakika mbili. Kila kiinitete, peke yake, kina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa, mbili kati ya nne za kuwa mbebaji tu kama wazazi wake, na moja ya kutokuwa na kinasaba hicho kabisa. Uwezekano kwamba katika vitatu hakuna hata kimoja chenye ugonjwa ni 27 kwa 64, chini kidogo ya nusu. Daktari atapandikiza kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila safari nitakayopandikizwa ni robo ileile. Wanafunzi wangu hudhani kwamba shilingi iliyokwisha kuangukia mwenge mara mbili inawadai kitu mara ya tatu. Haiwadai. Nimelisema hilo darasani kwa miaka 15, na wiki hii nimejikuta nikitamani nisadiki kinyume chake, kwamba kwa kuwa mmoja wa ndugu zao amekwisha kuumwa, basi deni limelipwa.

Robo yenyewe ingekuwa tarakimu tu kama nisingalikuwa na mdogo wangu.

Alizaliwa kijijini kwetu, Kilema, mimi nikiwa na miaka saba. Akiwa na miezi minane hivi vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba vyote kwa pamoja, vikawa kama vile vimejazwa hewa, na kila aliyemwona alisema ameangushwa na dada yake, yaani mimi. Nilichapwa kwa ajili hiyo. Kwa miaka minne alikandwa mafuta ya ng'ombe, akafungwa vitambaa, akapelekwa kwa mzee mmoja aliyesema kuna mtu wa ukoo hajaombwa radhi, na jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ndilo la kuombea radhi, likapelekwa huko na kurudi. Macho yake yalikuwa ya njano. Mwezi kama huu, ukungu unaposhuka mlimani na watu hawaoni jua mpaka saa saba, alikuwa akibanwa na maumivu usiku, na kazi yangu ilikuwa kupasha moto vitambaa juu ya sufuria na kumpa maji, kwa sababu alipokunywa maji mengi alipata nafuu hata kabla ya mtu yeyote kutueleza kwa nini. Alipimwa damu akiwa na miaka minne na miezi mitano. Alifariki akiwa na miaka 19, mwaka wa kwanza wa chuo, kwa maambukizi ya kifua yaliyomchukua kwa siku tatu. Kaburi lake liko katika kihamba chetu, yaani shamba la migomba la ukoo, karibu na mgomba wa mshare alioupanda mwenyewe.

Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Nilipoisoma hesabu hiyo niliwaza kwanza wale dada wanaochapwa.

Jana nilipanda Kilema kumwambia Mama. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi, nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kisu cha pili, na nikaeleza yote, ya Nairobi, ya viinitete, ya AS na AS. Hakunikatiza. Nilipomaliza alimenya ndizi nyingine mbili ndipo akasema:

"Mimi sikujua. Baba yako hakujua. Tulipewa mtoto tukampokea. Wewe unajua, mwanangu. Siku akibanwa akikuuliza, Mama, ulijua? Utamjibu nini?"

Sikuwa na jibu, na nisingependa kuandika hapa kana kwamba nilikuwa nalo. Daktari alitueleza kwamba viinitete vyaweza kupimwa hata sasa: viyeyushwe, kila kimoja kinyofolewe chembe chache katika sehemu itakayokuwa kondo la nyuma, vigandishwe upya wakati majibu yakisubiriwa, kisha viyeyushwe mara ya pili. Katika kila hatua ya namna hiyo kimoja chaweza kufa, na tunavyo vitatu tu. Sisemi kwamba kupima ni kumkosea Mungu. Watoto wa kwanza waliotokana na viinitete vilivyopimwa vinasaba walizaliwa Uingereza mwaka 1990, na ningekuwa na mayai yangu mwenyewe, mimi niliyepasha vitambaa moto, ningepima bila kusita. Huko Uingereza sheria iliyorekebishwa mwaka 2008 inakataza kiinitete kinachojulikana kuwa na kasoro ya kinasaba yenye hatari kubwa kutangulizwa mbele ya kile kisichojulikana kuwa nayo. Niliposoma hilo liliniuma kwa ajili ya mdogo wangu, kisha nikaona kwamba inamzungumzia mtu mwenye mawili ya kuchagua. Kwetu kuchagua ni kati ya hivi na kutokuwa na kitu.

Hapo napo nina la kujishtaki. Foleni ya viinitete visivyo na doa ni ndefu na gharama yake hatuiwezi. Vyenye hatari inayojulikana hupatikana mapema zaidi. Nilipolitambua hilo nilijiona kama niko soko la Memorial nachambua mitumba, natafuta shati lililopungukiwa kifungo ili nipunguziwe bei. Sijui mzazi anayeanza hivyo anaanzaje kusema upendo. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema kwamba hata baba yake alimpata mama yake kwa sababu posa ya kwanza ilikataliwa, na hakuna aliyewahi kumhesabu kuwa mke wa punguzo.

Padre wetu nilimfuata baada ya misa ya pili. Alinieleza kwa upole kwamba hati ya Vatikani ya mwaka 2008 inayagusa mambo haya, kwamba inaisifu nia ya kuokoa uhai uliogandishwa lakini inaona njia yenyewe ina matatizo yasiyo madogo, na kwamba hawezi kunipa baraka kwa kitu ambacho Kanisa halijakikubali. Nilishukuru kwa kuwa hakunidanganya. Nitaendelea kukaa benchi lilelile.

Kitu ambacho nimekifikiria kuliko vyote, na ambacho fomu haikiulizi, ni uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma sasa inawapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na kwa kawaida uloto unaofaa kuliko wote hutoka kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambaye kila mmoja wao ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Robo tena. Mtoto wangu akiuhitaji, sitaweza kumpa mimi, wala shangazi yake, wala binamu yeyote katika vihamba vyetu viwili. Ndugu yake atakuwa katika nyumba ya yule mwanamke mwenye sharti, mtoto wa kwanza, yule mzima. Siku hiyo asili yote niliyokuwa nikiizungukazunguka kwa maneno itakuwa ni mtu mwenye namba ya simu, au asiyekuwa nayo. Uingereza mtoto aliyetokana na waliojitolea baada ya Aprili 2005 anaweza kuomba kuwajua akifika miaka 18. Mdogo wangu alipofika miaka 18 alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja.

Mama alinisindikiza jana mpaka barabarani, ingawa magoti yanamsumbua. Kabla ya kutoka aliingia chumbani akarudi na jagi la plastiki la lita mbili, la bluu lililopauka, ambalo sikujua kama bado lipo. Ubavuni lina mistari mitatu ya kalamu ya wino mzito niliyoichora mwenyewe nikiwa darasa la sita, baada ya muuguzi kutueleza: asubuhi mpaka hapa, mchana mpaka hapa, kulala mpaka hapa. Mstari wa katikati umefutika nusu mahali kilipokuwa kidole gumba cha mdogo wangu.

"Kama ningalijua," Mama akasema, "asingalikandwa mafuta miaka minne. Angepewa dawa zake tangu mdogo, na wewe usingechapwa." Halafu akaniuliza kama nina nauli ya kutosha, naye alijua ninayo.

Nililipakata jagi hilo kwenye gari hadi stendi. Mtoto anayejulikana tangu siku ya kuzaliwa kwamba ana selimundu hupewa penisilini mapema, huchanjwa, hulala katika chandarua, wazazi hufundishwa kumpapasa bandama, na siku hizi kuna haidroksiyurea, ambayo hupunguza siku za kubanwa. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachoondoa maumivu yote. Mama anaulizwa ulijua, na bado lazima ajibu. Nilichoweza kukipata, kati ya Kilema na Himo, ni kwamba ningependa kuulizwa swali hilo nikiwa na jagi mkononi kuliko nisiulizwe kabisa. Na sina hakika kama huo ni upendo au ni tamaa yangu ya mtoto iliyovaa nguo za upendo.

Jioni hii mume wangu alisogeza chupa ya chai, akaivuta fomu, akanitazama. Niliweka alama katika kisanduku cha kwanza. Mahali pa maoni, ambapo pana mistari miwili tu, niliandika kwamba tunapokea bila kupima sasa, kwamba mtoto atapimwa damu akizaliwa, na kwamba tunaomba wenye viinitete waulizwe kama watakubali kupatikana, wao na mtoto wao wa kwanza atakapokuwa mtu mzima, iwapo siku moja tutawahitaji. Mistari haikutosha, nikamalizia pembeni, juu ya lile duara la maji, na wino ukatawanyika kidogo. Alisoma mpaka mwisho, akasahihisha tarehe, akasaini chini ya jina langu. Basi la Nairobi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na mimi bado sijapiga pasi.