Mbona Simu Yangu Hulia Kuliko za Wapiga Fidla

Nikisema napiga viola, Nairobi nzima hunijibu, "Ah, fidla." Nimeacha kubishana, hasa na makanga. Viola ni ala ya nyuzi kama fidla, ila kubwa kidogo, nyuzi zake ni C, G, D na A, na sauti yake iko chini ya fidla kwa noti tano. Mwili wake huwa kati ya sentimita 38 na 43 hivi, kila fundi na lake, na jioni baada ya mazoezi bega la kushoto ndilo hujua tofauti.

Sikuichagua. Kwenye kikundi chetu cha vijana wapiga fidla walikuwa tele, wa viola hakuna. Mwalimu akatwaa fidla ya kawaida, akatoa uzi wa E, akasogeza zile nyingine, akafunga uzi wa C upande wa chini. "Wewe una vidole virefu, keti hapa katikati." Ikatoa sauti kama ya mtu mwenye mafua. Nilinuna, lakini nikaketi.

Kumbe hata Lionel Tertis, Mwingereza aliyeipa viola heshima yake, alianza hivyo. Alikuwa akisomea fidla Royal Academy of Music, London, miaka ya 1890, wenzake wakawa wanatafuta mtu wa viola wa kukamilisha kwarteti, yaani kundi la wapigaji wanne. Mengi alijifundisha mwenyewe. (Naye alikuwa na ukaidi wake: konseto ya mtunzi William Walton, yaani utunzi wa viola ikisindikizwa na okestra, aliikataa, na mwaka 1929 Paul Hindemith, mtunzi Mjerumani, ndiye akaipiga mara ya kwanza.)

Uchache wetu ndio unaonilisha. Desemba kila kwaya inataka Messiah ya Handel, na wapiga viola mjini tunajuana kwa majina. Mwezi ukiwa mkavu ni harusi. Bibi harusi anaingia kwa Kanoni ya Pachelbel, ambayo kwa asili ni ya fidla tatu na besi, viola haimo kabisa. Nakalia sehemu ya fidla ya tatu na hakuna anayelalamika.

Isipokuwa mwanakamati mmoja wa harusi. Wenzangu aliwatumia M-Pesa kamili, mimi akanitumia nusu, eti hakunisikia. Nilimpigia. Nikamweleza kwamba mara nyingi ile noti inayoamua kama wimbo ni wa furaha au wa majonzi iko mikononi mwangu. Ukiniondoa utabaki na juu na chini, katikati patupu. Akasema, "Sawa dada, lakini sikukusikia." Salio lilifika baada ya shangazi yake bwana harusi kuingilia kati.

Sasa najaribu nafasi ya masomo Ulaya. Kule okestra na vyuo vingi humpima anayeomba nafasi kwa konseto ya mtunzi Stamitz au ya Hoffmeister, zote mbili za D kubwa, na ukurasa wa kwanza tu unatosha kukuanika: mkono wa kulia ukitetemeka, kila mtu anasikia. Unatuma video ya upigaji wako, nayo haitakiwi kukatwa hata kidogo. Nilirekodi alfajiri kabla matatu hazijaanza honi, na safari ambayo vidole vilinitii vizuri zaidi, jogoo wa jirani aliwika katikati ya zile noti za mbio. Nimeituma hivyo hivyo.