Mkoba na pembe ya baruti

Jamani, nimemaliza! Mkoba wa mwindaji na pembe yake ya kubebea baruti ya gobore, mtindo wa karne ya 18 wa hapahapa Pennsylvania, Marekani. Mkoba haukunisumbua: msharasi wa kutobolea ngozi, sindano mbili, uzi wa kitani uliopakwa nta, basi. Pembe ya ng'ombe ndiyo iliyonitoa jasho. Ya kwanza, nikiitoboa nchani, keekee ilitokea ubavuni, ikaenda jalalani. Ya pili nikaichemsha ilainike, nikaizibia kitako kwa mbao, kisha nikaikwangua kwa kipande cha kioo hadi ikawa nyembamba. Ukiielekeza dirishani unaona baruti ilipofikia. Nyumba nzima ilinuka kwato zilizoungua. Mke wangu anauliza gobore lenyewe liko wapi. Sina.