Rambo ndani ya kabureta

Jumamosi, saa tatu usiku. Mikono bado inanuka petroli ingawa nimeinawa mara tatu, mara mbili kwa sabuni ya unga na mara moja kwa mafuta ya kula na mchanga, dawa niliyopewa na mafundi wa pikipiki wa pale kona. Mke wangu ameniletea sahani ya wali huku huku barazani. Hakusema kitu, ila ujumbe ulifika: ndani na harufu hiyo siingii. Sikulalamika. Hapa nilipokaa naiona mashine.

Imewaka leo. Saa kumi na nusu alasiri, nilipovuta kamba mara ya tisa. Iliwaka dakika kama kumi, kwa kazi ya miezi mitano.

Niliikuta mwezi wa pili kwa mnunuzi wa skrepa, nyuma ya mizani, imelaliwa na rimu za gari na mabomba ya maji. Ni mashine ya kukatia nyasi ya aina ya kizamani, ile yenye pipa la visu mbele, visu sita vilivyosokotwa kama kamba, na roda nzito nyuma, gurudumu pana kama gogo. Kijana alikuwa ameshaishika nyundo aivunje, maana vipande hupangika vizuri kwenye gunia. Nikamwambia, "Shekhe, subiri kidogo." Akacheka. "Mwalimu, hii imekufa kabla mimi sijazaliwa." Tukaipima, kilo 41, tukakubaliana shilingi 35,000, na kijana wa mkokoteni akachukua zake 3,000. Mtaani ikavumishwa kwamba mwalimu kanunua mashine ya kusagia nyama.

Mwili umetoka Uingereza. Hilo limebaki limeandikwa ubavuni, jina la kiwanda limeliwa na kutu. Injini ni ya Marekani, Briggs & Stratton ya Milwaukee, na hawa jamaa nawapenda kwa jambo moja: wanagonga tarehe. Kwenye bati linalofunika feni kuna mistari ya namba. Ya kwanza, 80202, inaanza na 8, yaani ujazo wa silinda ni inchi 8 za ujazo, kama cc 130 hivi kwa hesabu za pikipiki. Nyingine inaanza na 730412. Soma mbili mbili: mwaka 73, mwezi wa nne, tarehe 12. Niliisugua ile namba kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka ikatoka yote, nikaenda kumwonyesha mama. Mwaka 1973 yeye alikuwa darasa la pili. Akaitazama injini, akanitazama mimi, akasema, "Basi mwenzangu huyu, mwamkie."

Nimekuwa na ugonjwa huu tangu utotoni na naujua ulikotoka. Kijijini kwa babu kulikuwa na mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya Lister, ile ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa ubavuni. Tukitumwa kusagisha mahindi nilikuwa naomba foleni iwe ndefu. Mzee mwenye mashine alikuwa anaweka kopo juu ya bomba la moshi, linaruka na kugonga kwa kila pigo, na mlio ule ulisikika mpaka ng'ambo ya mto. Ndio lilikuwa tangazo lake kwamba leo kuna dizeli. Miaka mingi baadaye nikajifunza kwamba kampuni ya Lister ilianzia mji mdogo wa Dursley, Gloucestershire, mwaka 1867. Na mkoa huo huo, mwendo mfupi tu kutoka Dursley, karibu na Stroud, ndiko Edwin Budding alikobuni mashine ya kwanza ya kukatia nyasi mwaka 1830. Alikuwa ameona viwandani mashine ya kunyolea manyoya ya vitambaa vya sufu, akawaza kwamba nyasi nazo ni manyoya tu. Kwa hiyo sauti iliyonisomesha foleni ya unga na hili pipa la visu lililopo mbele yangu ni watu wa kwao mmoja. Sijui kwa nini jambo hilo linanifurahisha hivi.

Sasa ya ndani. Nilipoifungua nilidhani nitakutana na kutu. Nilikutana na watu.

Wa kwanza alikuwa kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Kabureta ya injini hii imekaa moja kwa moja juu ya tanki, na ubavuni ina kiwambo chembamba kinachotikiswa na pumzi ya injini. Kikitikisika kinapandisha petroli. Kiwambo cha kiwandani hukauka na kukakamaa kadiri miaka inavyokwenda. Nikafungua skrubu nne, kikatoka kipande cha nailoni ya buluu, kimekatwa kwa wembe vizuri sana, matundu yote mahali pake. Mfuko wa rambo! Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo huyu bwana alifanya kazi yake kabla ya hapo, au alikuwa na akiba chini ya godoro kama watu wengine ninaowajua. Nilicheka peke yangu gerejini, ambako ni chini ya mwembe. Halafu nikakijaribu kwa kukipuliza. Kilikuwa hakijatoboka hata kidogo.

Wa pili alikuwa kwenye gasketi, ile karatasi ya kuziba hewa, kati ya kabureta na silinda. Alitumia jalada la nyuma la daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha. Ilikuwa imelowa oili mpaka imekuwa rangi ya tende, lakini ukiiinua kwenye mwanga unasoma 6 x 7 = 42, 6 x 8 = 4, na hapo ndipo tundu la boliti lilipopita.

Wa tatu sikumpenda. Injini hizi zina gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya ajabu kwa urahisi wake: kibapa chepesi kimewekwa kwenye njia ya upepo wa feni. Injini ikikimbia, upepo unakuwa mkali, unakisukuma kibapa, kibapa kinaibana kabureta, mwendo unashuka. Mwendo ukishuka upepo unapungua na springi inaifungua tena. Hakuna kingine, ni upepo na springi vinavyovutana siku nzima. Sasa mtu huyu alikifunga kibapa kwa waya ili injini ikimbie atakavyo. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na shafti, humu ni ya alumini, na oili haisukumwi na pampu. Kuna kijiko chini ya konrodi kinachochota na kurusha. Injini ya namna hiyo ukiifungulia mwendo bila breki, siku moja konrodi inatoka kwa kutoboa ukuta wa injini. Nilikata waya ule kwa hasira kama vile mwenyewe amesimama pale.

Na wa nne alinila wiki tatu. Moto kwenye plagi upo, petroli inafika, mgandamizo mzuri, lakini kila nikivuta kamba inakohoa mara moja na kuninyang'anya kishikio mkononi. Nilibadilisha plagi. Nilisafisha pointi, ile swichi ya cheche, kwa msasa laini na kuzipima upya, inchi 0.020, kama nusu milimita. Nilipima pengo la koili na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa kadi ya mchango wa harusi, ambazo kwa unene zinafaa kabisa na kwa wingi hazijawahi kunipungukia. Wapi. Mwisho nikaivua tena flaiwili na kuangalia kabari, kile kijipande cha chuma laini kinachoizuia isiteleze juu ya shafti. Kiwandani huwekwa laini makusudi, ili pakitokea mshtuko ikatike yenyewe na kuliokoa shafti. Humu hapakuwa na kabari. Palikuwa na msumari uliokatwa. Msumari ni mwembamba kuliko mfereji wake, kwa hiyo flaiwili ilikuwa imejisogeza upande kama upana wa punje ya mchele, na punje hiyo inatosha cheche kuja wakati usio wake.

Nilianza kumtukana. Halafu nikaona sikio la klachi ya stata, ile ya kamba ya kuwashia, sikio nililolivunja mimi mwenyewe mwezi wa tatu, kwa sababu sikuwa na spana yake nikaamua kutumia gongo na nyundo. Sikio moja halipo. Mtu atakayeifungua mashine hii baada yangu ataona pale palipovunjika na atasema yake juu yangu, na atakuwa na haki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza nairudisha mashine wapi. Wenzetu wa Ulaya wenye mapenzi haya huirudisha kiwandani: rangi ile ile, stika ile ile, hata boliti za mwaka ule ule. Nawaelewa, na picha zao hunitoa mate. Lakini hii yangu ilikaa kiwandani siku chache tu. Maisha yake yote ilikuwa huku, mikononi mwa watunza bustani na mafundi ambao hawakuwa na duka la spea wala kitabu, walikuwa na daftari la mtoto na rambo. Nikifuta kila walichofanya nitakuwa na mashine nzuri isiyomjua mtu.

Kwa hiyo nikawa naamua kimoja kimoja. Waya umekwenda, msumari umekwenda; kabari mpya nimeinunua kwa wauza spea za jenereta, nikaipunguza kwa tupa. Kiwambo nimeweka kipya, kwa woga tu, na kile cha rambo nimekibandika kwenye daftari langu la vipimo. Bushi ya shaba kwenye mhimili wa pipa la visu nimeiacha. Si ya kiwandani, imechongwa na mtu kwa mkono, alama za tupa zinaonekana, na nilipoipima sikuona mchezo wowote. Sina cha kumwongezea fundi yule. Rangi sikupaka. Nimepangusa kwa oili iliyotumika, basi.

Visu vilikuwa starehe. Pipa hili halikati kama panga, linakata kama mkasi: kisu kinachozunguka kinakutana na kisu kilicholala chini, na nyasi imo katikati. Ili vikutane sawasawa unapaka visu ile pesti ya kusagia valvu, halafu unalizungusha pipa kinyumenyume kwa mkono, polepole, unasikiliza. Mwanzoni linakwaruza pande mbili na kunyamaza katikati. Unakaza skrubu robo ya robo. Unazungusha tena. Nilikaa na kazi hiyo jioni nne nzima. Kipimo ni ukanda wa gazeti: unauingiza, unazungusha kidogo, ukate bila kutafuna. Jana usiku ulikatika kutoka kushoto mpaka kulia, na nikaendelea kukata tu, bila sababu, mpaka ukurasa wote wa michezo ukawa nyuzi chini ya mwembe.

Leo basi. Oili lita 0.6, petroli kikombe kimoja, plagi imekazwa. Mvuto wa kwanza mpaka wa nane, kikohozi. Wa tisa ikawaka, moshi wa buluu ukafunika kuku, kibapa cha gavana kikaanza kutetemeka kama sikio la punda, halafu mwendo ukatulia wenyewe. Nilisimama nimeishika, sijui nicheke au nifanye nini. Nikaunganisha klachi na kuipitisha kwenye ukoka, mstari wa kwenda na mstari wa kurudi. Roda inaulaza ukoka, kwa hiyo mistari miwili ya nyasi zile zile inakuwa na rangi mbili. Watoto wa jirani walipiga kelele kwa jambo hilo kuliko kwa injini.

Fundi wa pikipiki alikuja na spana mkononi, akainama, akasikiliza na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza lile swali. "Sasa mwalimu, unaiuza ngapi?" Siiuzi. "Utakodisha?" Hapana. Akaangalia uwanja wangu, hatua 12 kwa 7. "Hapa si slesha ingemaliza?" Ingemaliza, na mapema. Hapo akanyamaza, na nadhani alinionea huruma kidogo. Kwetu mtu anayetengeneza kitu bila mteja anaonekana amekosa kazi. Lakini hakuondoka. Alichuchumaa kando ya kabureta, akaniomba nimwonyeshe kile kibapa kinavyofanya, akakisukuma kwa kidole injini ikiwa inaunguruma, ikashuka, akakiachia, ikapanda. Alirudia mara tano sita, uso umekunjuka kabisa, na simu ya mteja wake ikawa inalia mfukoni.

Mstari wa sita injini ikaanza kupanda na kushuka, kama mtu anayesinzia na kushtuka, ikazima. Gasketi. Ile ya daftari niliirudisha makusudi, kwa heshima, na imepasuka pale pale kwenye 6 x 8; hewa inaingia pembeni.

Kwa hiyo baada ya wali nimeita binti yangu, nikamwomba daftari lililokwisha. Ameleta la hisabati, nikaligeuza na kuchora umbo kwa penseli juu ya jedwali. Akanishika mkono kabla sijaweka mkasi.

"Baba, usikate ya saba. Bado sijaishika."

Nimekata ya mbili.