Nimechoka kuambiwa nimechoka

Wapenzi, mnisamehe nimepotea kama miezi miwili hivi, sasa naweza kusema nlikuwa wapi. Nimefanya oparesheni ya kope za juu, zote mbili. Najua swali la kwanza ni "kwani ulikuwa unaumwa?" na jibu langu ni nusu ndio nusu hapana, na hiyo nusu ya hapana ndo nataka kuiandika maana watu wengi wanaificha.

Mi nafundisha Historia sekondari hapa Dar, mwaka wa 27 huu, umri wangu 53. Kwa miaka kama sita hivi haipiti siku mtu hajanipa pole. Nimelala masaa nane, nimeamka vizuri, nimekunywa chai yangu, naingia stafu rumu, "madam mbona umechoka hivo, umeumwa?" Siku moja nimeingia form two mtoto ananyoosha mkono nadhani ana swali la Vita vya Maji Maji, anainuka taratibu ananiuliza, "Madam, ulikuwa unalia?" Jamani. Binti yangu alikuwa amejifungua salama alfajiri ile ile, mimi nimeshakuwa bibi, nina furaha sina pa kuiweka, na uso wangu unamwambia mtoto wa watu kwamba nimefiwa.

Ngozi ya juu ya macho ilikuwa imeshuka mpaka imelala juu ya nywele za kope. Nikipaka wanja asubuhi, nikifika shule umeshajichapa juu, mstari mweusi wa pili. Na kuona nako kulipungua kwa juu, ubaoni sehemu ya juu kabisa lazima niinue kichwa, nikisahihisha mitihani jioni paji la uso linauma kwelikweli, kumbe siku nzima nlikuwa nainua nyusi bila kujijua ili nipate pa kuchungulia.

Sehemu ya kwanza niliyoenda siitaji. Dada wa mapokezi alinionesha picha za watu kwenye simu, kabla na baada, halafu daktari akaniangalia dakika tatu kutoka kwenye kiti chake bila hata kunigusa, akasema tatizo dogo hilo mama, lipa advansi tukupangie tarehe. Nilikuwa na hela ya kikoba kwenye pochi, nimeiweka miaka miwili, namshukuru Mungu miguu yangu ilikataa.

Wa pili ni daktari wa macho ambaye kazi yake hasa ni kope. Huyu alinikalisha karibu saa nzima. Akauliza macho makavu, presha, sukari, tezi ya shingo, na kama kope zinashuka zaidi jioni kuliko asubuhi. Nkashangaa tezi inaingiaje hapa, akaniambia ugonjwa wa tezi unaweza kuvimbisha kope na yale mafuta yanayozunguka jicho, ukienda kukata hapo umekata usichokijua. Na kope inayozidi kulegea kadri siku inavyokwenda inaweza kuwa ugonjwa wa misuli ambao tiba yake ni dawa, sio kisu. Afu akachukua rula ndogo, akanibana nyusi kwa kidole gumba, tazama chini, haya tazama juu, anapima msuli unainua kope kiasi gani. Akamulika tochi, akahesabu kutoka kwenye kile king'aro katikati ya mboni mpaka ukingo wa kope, kwa kawaida ni kama milimita 4 au 5, yangu ikawa 4. Maana yake msuli wangu mzima, kilichozidi ni ngozi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ingekuwa msuli ndo umelegea, wangekata hiyo ngozi na jicho lingebaki limesinzia vile vile na hela imekwenda, na yule wa kwanza hakupima hata kimoja.

Akaniwekea na kikaratasi chembamba kila jicho, ndani ya kope ya chini, nikakaa nacho dakika 5, machozi yanapanda kwenye karatasi kama mafuta kwenye utambi. Anataka kujua kama macho yana maji ya kutosha, kwani baada ya oparesheni kope zinaweza zisifunge vizuri kwa muda na jicho lililokuwa kavu linazidi kukauka.

Nlimwomba aondoe na mifuko ya chini. Akakataa. Alisema ile mifuko ni mafuta ambayo tunayo tangu ujana, kinachotokea ni utando unaoyashikilia unalegea na umri ndo yanajitokeza mbele, kwa hiyo matango na majani ya chai yanapunguza uvimbe tu, mafuta yako pale pale. Yangu kidogo, na kope zangu za chini zimelegea, akigusa zinaweza kuvutwa chini jicho likabaki wazi jekundu. Nliumia kidogo ila ndo nikamwamini kabisa, mtu anayekataa hela yako.

Mambo mawili yalininyima usingizi kabla. La kwanza keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, nina moja kifuani toka utotoni, akasema kwenye kope ni nadra sana kutokea, ngozi ya pale ndo nyembamba kuliko zote mwilini na kovu linajificha kwenye mkunjo. La pili ni dini. Nikamwendea ostadh wetu, nkamuuliza si ndo kubadilisha umbile hili? Akasema kama linakuzuia kuona hiyo ni tiba, kama ni uzuri tu hilo lipime sana. Nkamjibu ukweli, ni vyote viwili ostadh. Akakaa kimya, akaniambia nia yako unaijua wewe na Mola wako. Nimelala nalo hilo siku nyingi, na sitaki kujifanya kwamba nimelimaliza. Watu wanakusamehe ukisema sikuwa naona, ila ukisema nimetaka uso wangu ufanane na ninavyojisikia ndani, wanakutazama kama umeiba. Mimi nlitaka vyote viwili na nasema.

Kwa kuwa ni mwalimu wa Historia nilichimba kidogo. Jina la kitaalamu, blefaroplasti, linahusishwa na Mjerumani von Graefe mwaka 1818, na wala hakuwa anatafuta urembo, alikuwa anatengeneza upya kope zilizoliwa na saratani. Urembo umekuja baadaye kwenye kazi iliyoanza kwa kuwafungia macho wagonjwa waliokuwa hawawezi kuyafunga.

Siku yenyewe alinichora kwa peni nikiwa nimekaa, ukilala ngozi inahama. Akabana ngozi kwa kibanio kuona kama jicho bado linafumba, maana lazima ibaki kama milimita 20 kati ya nyusi na nywele za kope, ukizidisha kukata huwezi kufunga jicho tena. Dawa za kulainisha damu nlikuwa nimeshaacha kwa maelekezo yake, hata vidonge vya kitunguu saumu alivikataza. Sindano ya ganzi inachoma kama siafu, mara nne tano hivi, baada ya hapo nasikia kuvutwa tu. Niko macho, namsikia nesi anahesabu pamba, na ile harufu ya kuchomewa mishipa midogo isitoe damu, kama nywele zinaungua. Ayatul Kursi nimeisoma sijui mara ngapi. Dakika 50 hivi tumemaliza.

Usiku wa kwanza ndo nilioogopa. Tuliambiwa kabisa kwamba ikitokea maumivu makali, jicho linatoka nje au kuona kunapotea, msisubiri asubuhi, damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho, ni nadra sana lakini inapofusha. Mume wangu akaweka alamu kila saa moja. Nimelala nimeegemea mito mitatu, barafu kwenye kitambaa, naye anakuja na simu yake inawaka, "mama Zuhura, vidole vingapi hivi?" Viwili. Anaenda. Saa moja tena, "na hivi?" Mpaka adhana ya alfajiri hajalala.

Siku ya tatu nilikuwa wa kutisha, zambarau mpaka mashavuni. Siku ya sita nyuzi zimetolewa, wiki mbili nimerudi kazini na wanja ukaa ulipowekwa. Mikunjo ya pembeni nikicheka bado ipo, weusi wa chini ya macho upo, hiyo oparesheni haigusi. Stafu rumu hakuna aliyejua, wanasema tu likizo imekukubali.

Wiki iliyopita nimeenda Tanga kwa mama. Ana miaka 76 na macho haya ni yake, mimi nimerithi tu, zake zimefunika karibu nusu ya mboni, akikusalimia anainua kidevu. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akapitisha kidole gumba juu ya kope polepole, akarudia upande wa pili, nkajua leo nitasemwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kaka zangu wasisikie, "Hivi kwa umri wangu wanafanya?"

Jumanne namleta Dar. Akapimwe msuli kwanza.