Baraza ya bibi kwenye ngazi za Michenzani

Bibi yangu alipohamia majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Zanzibar, alikataa kuacha vitu vitatu: mbuzi ya kukunia nazi, kinu na jamvi. Kinu kilimtia matatani wiki ya kwanza tu. Jirani wa chini alipanda kuuliza kulikoni, maana dari yake inatikisika. Bibi akamkaribisha kahawa, wakaelewana, na tangu siku ile kisamvu kikawa kinatwangwa chini, uwanjani.

Tulikaa ghorofa ya nne. Nyumba za maendeleo, ndivyo watu wanavyoziita mpaka leo. Mgeni akizitazama anaona zege refu lililochakaa, akapita zake. Mimi nikizitazama namuona bibi.

Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya miti na udongo, hapohapo Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume, rais wa kwanza baada ya Mapinduzi hayo, alitaka wanyonge nao wapate nyumba za kisasa, zenye umeme na maji ya mfereji. Ujerumani Mashariki ikasaidia kujenga Kikwajuni na Kilimani, na 1968 wataalamu wake wakachora mpango wa mji mzima. Michenzani ikawa kubwa kuliko zote: barabara mbili pana zikatane katikati ya Ng'ambo, na majumba yajipange kandokando yake. Vijumba vikavunjwa, na cha bibi kimo. Watu wakajitolea kubeba mawe na kuchanganya zege. Mzee aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 majumba mengi hayajaisha, na ujenzi ukaendelea miaka mingi baadaye.

Bibi hakulalamika kuvunjiwa. Alilosema ni moja: "Fleti nzuri mwanangu, lakini haina baraza."

Na kwa mtu wa Ng'ambo, nyumba bila baraza utakaa wapi na watu? Mlango ukishafungwa, umejifungia na ukuta. Basi akachukua lile jamvi akalitandika pale ngazi zinapopinda, baina ya ghorofa ya tatu na ya nne, penye upepo. Alasiri wanawake wa juu na wa chini wakakutana hapo. Huyu anasuka ukili, yule anachambua mchele, mwengine kaja na mtoto tu. Anayepanda anavua viatu, anasema hodi, anapita pembeni. Ugomvi wa jumba letu uliamuliwa pale. Harusi zilipangwa pale.

Muuza mchicha alikuwa haji juu. Bibi alimteremshia kikapu kwa kamba dirishani, pesa imefungwa kwenye kitambaa, na kikapu kikirudi anahesabu mafungu kabla hajaachia kamba.

Maji ndiyo yaliyotutesa. Mfereji wa juu ulikauka, tukapandisha madumu usiku, mabega yakatuuma. Sisahau jioni tuliyompandishia bibi maji ya kuogea akiwa mgonjwa, vijana wa ghorofa tatu wamejipanga kwenye ngazi wanapokezana dumu. Hakuna tuliyemuita. Walisikia tu.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na nafurahi kwa hilo. Lakini watembezaji wengi wakifika Darajani, mpakani mwa Mji Mkongwe na Ng'ambo, wanageuza. Ng'ambo yote, walikokaa mafundi na wachukuzi waliouhudumia mji ule, inabaki nyuma ya migongo yao. Mimi nasema urithi uko huku pia, na wanaoujua kwa macho yao wanaondoka mmoja mmoja. Aliye na mama au bibi aliyehamia miaka ile, amkalishe, amuulize nyumba yake ilikuwa wapi kabla ya barabara.

Mwezi uliopita nilipanda. Pale ngazi zinapopinda ukuta umeng'aa kwa migongo, usawa wa mtu aliyekaa kitako, rangi imeliwa mpaka zege. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa ameketi na sinia ya mchele. Akasogeza miguu nipite, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.