Jinsi Tulivyopata Chama cha Wafanyakazi Kiwandani Mwetu

Ushauri niliopewa mara nyingi zaidi nilipokuwa nikifanya kazi katika kiwanda kimoja cha plastiki kwenye Eneo la Viwanda, Nairobi, ni kwamba tugome kwanza, na mambo ya sheria yatafuata. Ushauri huo unanikera hata leo, kwa sababu waliokuwa wakiutoa hawakuwa na mshahara wa kupoteza. Mgomo unaolindwa na sheria hutanguliwa na upatanishi na notisi ya maandishi ya siku 7, na mfanyakazi anayeiacha mashine bila hayo humkabidhi mwajiri sababu ya kumfukuza.

Jaribio letu la kwanza la kupata chama lilikuwa daftari. Nililinunua dukani, nikalipiga mistari kwa rula, na katika muda wa wiki mbili wenzangu 83 wakaandika humo majina yao na nambari za vitambulisho. Tulilipeleka ofisini watu watatu, ovaroli zetu zimepigwa pasi. Meneja alilipokea kwa adabu, akatukaribisha viti, akalifungua na kupitisha kidole chake polepole kwenye ukurasa wa kwanza, jina baada ya jina. Wiki iliyofuata, vibarua wawili wa ukurasa huo waliambiwa langoni kwamba hakuna kazi. Niliumia sana, maana mimi ndiye niliyewasihi waandike majina yao.

Katibu wa tawi la chama aliisoma nakala niliyobaki nayo, kisha akaniambia, "Mwanangu, hawa ni watu wenye malalamiko, bado si wanachama." Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka kila mwanachama atie sahihi Fomu S, inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara, na mwajiri akishakabidhiwa fomu hizo ana siku 30 za kuanza makato. Ili chama kitambuliwe na mwajiri, lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho, nami katika daftari langu nilikuwa nimewachanganya na wasimamizi, ambao huhesabiwa upande wa uongozi.

Wengi walikuwa wameingiwa na hofu kwa yaliyowapata wale vibarua. Katibu aliwasimulia habari za Makhan Singh, aliyeanza kuunganisha wafanyakazi hapa Nairobi katika miaka ya 1930, akakamatwa mwaka 1950 na kuzuiliwa hadi 1961, ilhali sisi haki yetu ya kujiunga na chama imeandikwa katika Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010.

Mara hii tulikutana kwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara. Mama mwenye kibanda alizihifadhi fomu ndani ya ndoo safi ya unga, na wenzetu walikuja watatu watatu saa ya chakula. Nilimtaka kila mmoja aje na hati yake ya mshahara, nami nikanakili nambari ya kazi kutoka pale, si kutoka kichwani mwake, kwa kuwa nilijua tarakimu moja ikikosewa fomu hiyo itakataliwa. Kila fomu ilikuwa na nakala. Siku ya kuziwasilisha, katibu hakuondoka mapokezi hadi kila nakala ilipopigwa muhuri wa tarehe. Muhuri huo ndio uliotuokoa pale uongozi ulipodai baadaye kwamba haukuwahi kupokea kitu chochote.

Nauli na nakala zilitugharimu elfu chache, tukazichangia wenyewe. Makubaliano ya kutambua chama yalitiwa sahihi baada ya miezi mingi, kisha tukachagua wawakilishi wetu kiwandani. Hao hupeleka mambo kwa tawi, na tawi kwa ofisi ya kitaifa, ambayo ilijadiliana na mwajiri mkataba wa pamoja na kuusajili katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mkataba umetupa nyongeza ya mshahara na usafiri kwa wanaotoka zamu ya usiku. Naomba kila mwanachama ausome mwenyewe, asingoje kusimuliwa.

Lakini faida ninayoithamini kuliko zote niliiona katika chumba kidogo kando ya stoo. Dada mmoja wa kitengo cha upakiaji alidaiwa kupoteza katoni. Zamani angepewa barua langoni. Safari hii aliitwa kujieleza, nami nikaketi kando yake kama mwakilishi, kama Sheria ya Ajira inavyoruhusu, nikaomba kitabu cha stoo kiletwe. Katoni zile zilikuwa zimeandikwa humo kuwa zimetoka siku ambayo yeye alikuwa likizoni. Alirudi kwenye mashine yake kabla ya saa ya chai.